Kasumba ya Imla Vyuoni

Imla ni zoezi la watoto wa shule ya msingi. Ajabu ni kwamba ingali inatawala katika kumbi nyingi za mihadhara: mhadhiri anasoma, wanafunzi wananakili, na siku ya mtihani wanamrudishia maneno yake mwenyewe. Elimu ya Kujitegemea ilidai akili yenye kudadisi tangu 1967!

Mkulima wa Ufipa hakujifunza kwa kunakili. Alishika jembe, akafukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo mvua zikielekea kwisha, akapanda maharage juu yake. Msimu uliofuata akayatawanya matuta hayo, apande mahindi au ulezi katika udongo uliokwisha kurutubika.

Sasa Sumbawanga ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwanafunzi na asome maelezo bwenini, kisha saa ya darasa iwe ya kubishana na kupima: kwa nini maharage yatangulie?

Watetezi wa imla husingizia uhaba wa kompyuta. Kurasa nne zilizopigwa chapa zatosha. Wingi wa wanafunzi, hapo wana haki. Kuongoza makundi ni kazi nzito kuliko kusoma karatasi, na wapangao ikama hawana budi kuihesabu.

Tangu 2005 mitaala ya sekondari inamtaka mwalimu afundishe kwa kuwashirikisha wanafunzi. Kijana aliyenakili miaka mitatu chuoni anapelekwa Laela, anaamriwa kufundisha kwa njia ambayo yeye mwenyewe hajapata kufundishwa.