Penzi lililoandamwa na mpelelezi

Msomaji mpenzi, hebu jiulize: ni kitabu gani kilichowahi kukupitisha kituo chako cha matatu? Wengi mtataja hadithi za James Hadley Chase, zile zilizozunguka mabwenini mpaka zikang'oka majalada. Kuna mtu anayewindwa, nawe huwezi kulala kabla ya kujua kama atanusurika. Hiyo ndiyo taharuki ambayo walimu wa fasihi huisema kila siku.

Leo tuitazame taharuki ya namna nyingine. Ni ile ya riwaya za mapenzi kati ya watu wa jinsia moja, zilizoandikwa kwa staha bila kumwingiza msomaji chumbani. Kabla hujakunja uso na kufungua ukurasa wa mapishi, nipe dakika chache. Nitakueleza kuhusu kitabu kimoja.

Patricia Highsmith alikuwa Mmarekani aliyejulikana kwa hadithi za mauaji. Riwaya yake ya kwanza, Strangers on a Train, ilitoka mwaka 1950 na mwaka uliofuata Alfred Hitchcock akaigeuza kuwa filamu. Lakini riwaya yake ya pili, The Price of Salt, ilikataliwa na mchapishaji wake. Ilipotoka kwingine mwaka 1952, jalada lilikuwa na jina la kubuni: Claire Morgan.

Wazo lake lilizaliwa Desemba 1948, Highsmith alipokuwa akiuza vitu vya watoto katika duka la Bloomingdale's, New York. Mama mmoja aliyevaa koti la manyoya alikuja kununua mwanasesere. Walizungumza dakika chache tu. Jioni hiyo Highsmith aliandika muhtasari wa hadithi nzima.

Katika riwaya, mwuzaji ni Therese, msichana wa miaka 19. Mnunuzi ni Carol, mama wa binti mdogo, ambaye ndoa yake inavunjika. Wanapendana, wanafunga safari ya gari kuelekea magharibi mwa Marekani. Njiani wanagundua kwamba wanafuatwa. Mume wa Carol amekodi mpelelezi mwenye vyombo vya kunasa sauti, na atakayoyanasa yatapelekwa kwa mawakili ili Carol anyang'anywe mtoto.

Naam, hapo ndipo utamu ulipo. Hakuna maiti, lakini moyo unakudunda. Kwa kuwa wawili hao hawawezi kusema wazi, kila jambo dogo linakuwa na uzito. Carol akimletea Therese maziwa ya moto, unajua kwamba hayo si maziwa tu. Gari likionekana tena nyuma yao, unatamani kuwapigia kelele wakimbie.

Tena, ni nani kati yetu asiyejua penzi lenye mtu nyuma yake? Wapo walioandamwa na wazazi kwa sababu mchumba ni wa kabila jingine, na wapo waliotengwa kwa ajili ya dini. Msomaji asiyefanana na Therese kwa lolote bado anaijua hofu yake.

Lakini wapo wanaofanana naye. Siku zile, hadithi kama hizi ziliishia kwa mmoja kujiua au kurudi kwa aibu kwenye maisha aliyochaguliwa. Highsmith hakufanya hivyo. Carol analipa gharama kubwa: anampoteza mtoto kwa mumewe kwa sababu amekataa kuishi kwa orodha ya masharti. Hata hivyo, mwishoni anakutana tena na Therese, na mlango wa matumaini unabaki wazi. Toleo la bei nafuu lilinunuliwa kwa karibu nakala milioni moja, na barua za wasomaji zikammiminikia Claire Morgan kwa miezi mingi. Ilipofika mwaka 1990 ndipo Highsmith alipokubali kitabu kitoke kwa jina lake halisi, kikiitwa Carol. Filamu yake ilitoka mwaka 2015.

Usidhani suala la mwisho wa hadithi ni la Marekani pekee. Mwaka 2018, bodi ya filamu hapa Kenya iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwani ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakajaa ukumbini. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ilikataa kuvifuta vifungu vinavyofanya mapenzi ya aina hii kuwa hatia. Kwa kijana wa hapa anayesoma habari za Carol, basi, yule mpelelezi si wa kubuni tu.

Mzazi, huenda siku moja ukakuta kitabu kama hiki chini ya mto wa mwanao. Unaweza kukichana, na yeye atajifunza kuficha vizuri zaidi. Au unaweza kukisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kisha umwulize alimwonea huruma nani. Jibu lake litakueleza habari za mwanao ambazo hakuna mpelelezi angeweza kukuletea.