Chemosit Usimfanye Paka

Leo tuzungumze juu ya hadithi za kutisha. Kila mzazi wa mjini hufikiwa na swali hili siku moja: hadithi ya kale yenye giza nyingi, tuirekebishe vipi ili iwafae watoto wa leo bila kuiua?

Mimi swali hili lilinikuta Desemba, tulipokwenda kwetu Bomet kwa sikukuu. Jioni moja mvua ilinyesha, stima ikapotea, tukajazana jikoni kwa kogo, yaani nyanya. Moto ulikuwa unawaka vizuri, na kogo akaanza habari za Chemosit.

Kama wewe si mtu wa upande wetu, Chemosit ni zimwi la Wakipsigis na ndugu zao Wanandi. Ni nusu mtu, nusu ndege. Ana mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo iliyo kama mkuki. Mwingereza A. C. Hollis aliyaandika hayo katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909. Kogo hajawahi kukiona kitabu hicho, lakini anayasimulia vivyo hivyo. Usiku Chemosit huimba kando ya msitu. Mtoto huona mwanga, husikia wimbo, hudhani kuna ngoma, akafuata. Basi, huyo ameliwa. Hata mto tunaouvuka tukitoka Kericho kuelekea Litein unaitwa Chemosit.

Binti yangu wa miaka saba alimkatiza kogo. "Lakini Chemosit ni rafiki! Baba alisema anapenda maandazi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli, huko Nairobi nilikuwa nimemrekebisha Chemosit. Nilimpa miguu miwili, nikampunguzia makalio, nikamfanya mpole kama paka wa nyumbani. Nilitaka mtoto alale mapema nami nitazame habari. Kogo alinitazama, akauliza polepole, "Sasa mtoto huyu akiona taa msituni, atakimbia au ataifuata?"

Sikuwa na jibu, msomaji wangu. Je, wewe ungekuwa nalo?

Aliyecheka kuliko wote ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. "Mjomba," akasema, "hilo ndilo tunaloliogopa sisi wachezaji." Akafungua begi, akatoa kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine zenye pande kumi, nyingine ishirini.

Nilidhani ni kamari. Kumbe sivyo. Huu ni mchezo wa kuketi mezani na kusimulia. Mmoja huwa msimulizi mkuu, na wengine kila mmoja huchukua nafasi ya mtu fulani katika hadithi: daktari, mwandishi wa habari, askari. Msimulizi anasema mlichokiona, nanyi mnasema mtakachofanya. Dadu ndizo huamua kama mmefaulu. Ukifikiri sana, ni jiko la kogo lenye dadu.

Mchezo wake unaitwa Call of Cthulhu. Ulitolewa mwaka 1981 na kampuni ya Chaosium ya Marekani, na chanzo chake ni hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937. Lovecraft alijua kutisha, lakini pia aliwadharau watu wasio weupe, na dharau hiyo imo katika maandishi yake. Mwaka 1984 kampuni hiyo ilitoa kisa kirefu kiitwacho Masks of Nyarlathotep. Kinaanza mwaka 1925 na kuwazungusha wachezaji New York, London, Cairo, Shanghai, na hapa kwetu Kenya. Ndiyo, msomaji, Kenya! Hata Johnstone Kenyatta, ndiye Jomo, anatokea humo Nairobi.

Sehemu ya Kenya inahusu kundi la siri linaloabudu zimwi lenye kitu kirefu chekundu kama ulimi mahali pa uso. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka Chemosit na mdomo wake. Lakini kilichonishtua ni jambo jingine. Katika kisa hicho, msafara wa Wamarekani unauawa Kenya mwaka 1919. Serikali inawakamata Wanandi watano, inawahukumu haraka na kuwanyonga. Baadaye wachezaji hugundua kwamba Wanandi hao hawakuwa na hatia.

Mwaka 2018 kampuni ilikitoa kisa hicho upya, kikiwa kimepanuliwa na kupita kurasa 600. Mpwa wangu anasema hofu ya wachezaji ilikuwa ya namna mbili. Wengine waliogopa kwamba giza lote litafuliwa, zimwi ling'olewe meno, na mwaka 1925 uonekane kama pikiniki. Wengine waliogopa kwamba kitaachwa kilivyokuwa, Mwafrika akiwa ama mpagazi ama mchawi, naye shujaa akitoka ng'ambo.

Wala si mchezo huo peke yake. Kuna Dark Sun ya mwaka 1991, ulimwengu wa jangwa wenye watumwa na wafalme wachawi. Wapenzi wake wamengoja toleo jipya miaka mingi. Mwaka 2023 mkubwa mmoja wa kampuni inayoumiliki alisema kuurudisha ni vigumu kwa sababu ya mambo yaliyomo. Wapo pia waliopotea upande wa pili. Vampire: The Masquerade, nao wa mwaka 1991, ulifanywa upya mwaka 2018. Katika kitabu kimoja cha toleo hilo waandishi waliyachukua mateso halisi ya watu wa Chechnya, huko Urusi, wakayafanya njama ya mazimwi wanyonya damu. Wasomaji walikasirika, kampuni ikaomba radhi na kuiondoa sehemu hiyo. Watu walikuwa wanateswa kweli wakati huohuo, na mtu anasema aliyefanya ni zimwi!

Hapo ndipo tulipoacha kucheka pale jikoni, maana kwetu Kericho na Bomet tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Hebu tuuangalie mwaka 1925 ulivyokuwa kweli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maelfu ya ekari za Kericho zilitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani, walime kitani. Mradi ulianguka, na ardhi ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai. Hayo mashamba ya kijani unayoyapiga picha ukipita na matatu yana historia hiyo chini ya mizizi. Mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni na kulipa kodi ya nyumba. Kwa Wanandi, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikuwa ameuawa kwa hila mwaka 1905 katika mkutano wa kutafuta amani. Orkoiyot mwingine, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na kuzuiliwa kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo wachezaji wanapowasili Nairobi ya 1925 kwenye mchezo, huyo mzee wa kweli yuko kizuizini.

Kisha sikiliza hili. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Walaibon, ikawahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakubwa kwa watoto, kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa mbu na mbung'o. Kosa lao? Wakubwa wa serikali waliamini kwamba nyuma ya kila wizi wa ng'ombe na kila ukaidi kulikuwa na kundi la siri la wachawi likiongoza watu gizani. Familia nyingi hazikurudi hadi karibu na Uhuru, na wajukuu wao wanadai haki hadi leo.

Sasa unaona, msomaji? Kundi la siri la wachawi wa Kiafrika ni kisa cha kusisimua mezani New York. Kericho kilikuwa sababu ya kuhamisha watoto. Hadithi ikisimuliwa muda mrefu na mwenye nguvu, huweza kugeuka sheria.

Kwa hiyo mimi nasema hofu zote mbili za vijana hawa zina haki, lakini zinahusu vitu viwili tofauti. Kitisho si dharau. Zimwi lenye mdomo wa moto ni kitisho, na kazi yake ni kumfundisha mtoto kwamba si kila taa inayong'aa ni ya kufuatwa. Liache na meno yake. Kusema kwamba zimwi hilo ni jirani yako, kwa kuwa kabila lake au rangi yake ni fulani, hiyo ni dharau. Hiyo ing'oe bila huruma, nayo hadithi haitapungukiwa na kitu.

Wala usiufute ukatili wa wakati ule ili wageni waonekane wema. Ukitoa kipande na kodi katika Kenya ya 1925, umesema uongo mkubwa kuliko wa zimwi. Nashukuru kwamba katika toleo la 2018 zimwi bado ni zimwi, na wale Wanandi watano bado wananyongwa bila hatia. Mchezaji anayefika hapo na kuuliza, "Ni nani aliyefaidika na kesi ile ya haraka?" amejifunza jambo.

Wazazi, mkitaka kuisimulia upya hadithi ya kale, jiulizeni mambo matatu. Inawaonya watoto juu ya nini? Ni nani anayebebeshwa uovu? Na je, huyo anayebebeshwa akiwa ameketi hapa sebuleni, ningeweza kuisimulia nikimtazama usoni? Ukishindwa na hilo la tatu, rekebisha. Ukiweza, simulia, hata kama mtoto atajifunika blanketi. Nanyi wanafunzi wenye dadu, msingoje Marekani iwaandikie Kericho. Mnayo misitu, mito, kogo zenu, na Chemosit mwenyewe. Waulizeni wazee wangali hai.

Mimi usiku ule nilimwomba kogo amalize hadithi yake, bila maandazi. Binti yangu alilala akiwa amemng'ang'ania mama yake. Asubuhi alinishika mkono tukienda mtoni, akaniuliza kama Chemosit hutoka mchana. Nikamwambia hatoki. "Na usiku tukiona taa?" akauliza.

"Wewe unasemaje?"

"Tunarudi nyumbani," akajibu.

Jumapili njema, na hadi juma lijalo.