Nyumba Njema si Mlango: Tuzipe Sebule Zetu Rangi na Uchangamfu

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii inazifaa sana familia za mjini. Tumezoea kuipima nyumba kwa bati lake, kwa geti lake na kwa idadi ya vyumba vyake. Lakini mtu akiisha kuingia hukuta kuta za saruji za kijivu, taa moja katikati ya dari, na makochi makubwa yaliyosukumwa ukutani kama abiria wanaosubiri basi. Wenye nyumba hiyo si wavivu. Wamejenga au wamepanga kwa jasho lao, fedha zikaishia kwenye matofali na kodi, na ndani pakabaki vivyo hivyo.

Leo, ndugu msomaji, tutazungumzia namna ya kuipa nyumba ya kawaida rangi na uchangamfu bila kuitumbukiza familia katika madeni. Hatuzungumzii majumba ya kifahari. Tunachukua nyumba ambayo wafanyakazi wengi wanaifahamu: nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Humo familia moja imepanga vyumba viwili, kimoja cha wazazi, na kimoja ambacho ni sebule mchana na chumba cha watoto usiku. Yatakayofaa katika chumba hicho yatafaa pia katika nyumba iliyo kubwa zaidi.

TUNAMPAMBIA NANI?

Kabla ya kununua chochote, hapana budi mume na mke wakae pamoja wajibu swali moja: nyumba hii tunampambia nani? Katika nyumba nyingi jibu laonekana kwa macho. Anapambiwa mgeni. Makochi yamevikwa nailoni yasichafuke. Meza imepangwa maua ya plastiki na vikombe ambavyo hakuna anayevinywea. Mtoto akikaa hapo huambiwa aondoke, naye hufanya kazi zake za shule sakafuni ukumbini, kwenye mwanga hafifu, watu wakimruka wakipita. Baba akirudi kazini haoni mahali pa kunyoosha miguu, hivyo hubadili shati akaenda kijiweni. Mgeni mwenyewe huja mara moja kwa mwezi, hunywa chai, huaga akaenda zake. Basi chumba bora kuliko vyote kinamngojea mtu asiyekuwapo, na waliopo wanaishi pembeni.

Mgeni ni baraka, wala hatusemi adharauliwe. Lakini mgeni hufurahia zaidi nyumba ambayo wenyewe wanaonekana kuifurahia. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: pamba kwa ajili ya wakaaji. Ondoa nailoni. Meza iwe ya kuandikia na kulia chakula. Kila mmoja wa nyumba awe na mahali pake katika chumba, hata kama ni mto mmoja na ndoana moja ukutani.

RANGI TATU ZATOSHA

Wengi hudhani kwamba uchangamfu ni wingi wa rangi. Ukuta huwa wa buluu, pazia jekundu, zulia la kijani na vitambaa vya zambarau, kila kimoja kikipiga kelele juu ya mwenzake. Macho huchoka, na chumba kidogo huzidi kuonekana kidogo.

Chagua rangi tatu tu. Ya kwanza iwe kubwa na tulivu, nayo ni ya ukuta: rangi ya maziwa, ya samli, au ya mchanga mkavu. Ya pili iwe rafiki yake, nayo iende kwenye pazia na mkeka: rangi ya udongo, kahawia, au kijani cha majani ya mgomba. Ya tatu iwe kali na iwe kidogo, kama pilipili katika mchuzi: nyekundu, manjano, au rangi ya chungwa. Hiyo itokee mahali patatu tofauti, mathalani kwenye mto, kwenye fremu ya picha na kwenye kigoda, ili ionekane kwamba imekusudiwa.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, kuta zilipakwa lipu nyeupe ya chokaa na kuchongwa zidaka, na ndani ya zidaka vikawekwa vyombo vya kauri. Karibu na Dar es Salaam, katika magofu ya Kunduchi, yako makaburi ya kale yaliyopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Sahani moja ya buluu juu ya chokaa nyeupe huonekana kuliko sahani kumi juu ya ukuta wenye maua. Ukuta mtupu, basi, usikuvunje moyo. Huo ndio mtaji wako.

UKUTA

Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba. Aombe ruhusa, na mapatano yaandikwe: nani atanunua rangi, na kama gharama itakatwa katika kodi. Wako waliopaka rangi kwa fedha zao, na baada ya miezi miwili wakaongezewa kodi kwa sababu chumba kimependeza.

Kisha pima kabla ya kwenda dukani. Chumba cha mita 3 kwa mita 3.5, chenye kuta za kimo cha mita 2.7, kina ukuta wa mita za mraba 35 hivi. Ukitoa mlango na dirisha hubaki 32. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 8 katika ukuta wa kawaida, hivyo mikono miwili itahitaji lita 8. Plasta ambayo haijawahi kupakwa hunywa zaidi. Plasta mpya nayo iachwe ikauke kama majuma manne kwanza.

Ukuta ukiwa na unyevu au ukitoa chumvi, usiufunike kwa rangi ya mafuta. Maji yatakwama nyuma yake, na rangi itabanduka kama ngozi ya samaki. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, iwe ni bati, bomba, au mfereji wa nje. Baada ya hapo chokaa yaweza kukufaa kuliko rangi ya dukani, kwa kuwa huuacha ukuta upumue. Chokaa iliyozimwa hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa na kufanywa nyepesi kama maziwa. Ukuta hulowanishwa, kisha hupakwa mikono miwili au mitatu myembamba. Ukiongeza unga wa rangi ya saruji, wa manjano au mwekundu, utapata rangi ya samli au ya udongo. Jaribu kwanza mahali padogo, maana chokaa ikikauka hufifia sana. Pia jihadhari na macho na mikono, kwa kuwa chokaa huunguza.

Liko jambo moja ambalo kila mzazi lazima alijue. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu na machungwa zilizokolea, zimekuwa zikitiwa madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Soma kopo, uliza dukani, ununue rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Rangi ya zamani inayobanduka usiisugue kwa msasa ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo hatari. Ilowanishe, ikwangue, ukusanye mabaki yote, na watoto wawe mbali mpaka sakafu ipigwe deki.

DIRISHA NA KANGA

Baada ya ukuta, hakuna kibadilishacho chumba upesi kama pazia. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Kanga moja ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110. Doti moja, yaani kanga mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, hutoa sentimita 300. Pazia zuri huhitaji kitambaa kipana mara moja na nusu hadi mara mbili ya dirisha ili lipate mikunjo, kwa hiyo doti moja hulitosha dirisha la sentimita 150 hadi 200. Pindo la kanga hufanya kazi ya urembo bila ya fundi kuongeza kitu.

Ifue peke yake kwa maji baridi kabla ya kuishona, maana kanga mpya hutoa rangi. Kama dirisha linapigwa na jua la mchana, shonea nyuma kitambaa cheupe cha marekani. Kitazuia kanga isipauke na kitapunguza joto.

Aidha, soma jina la kanga kabla ya kuitundika. Katika nyumba ya wapangaji wengi, kanga yenye fumbo kali dirishani ni barua ya wazi. Unaweza kuwa umependa maua tu, lakini jirani wa chumba cha pili atasoma maneno na kujiona ametajwa, na ugomvi utaingia ukumbini kwa sababu ya pazia. Chagua dua, shukrani au upendo, ambayo kila apitaye ayasome kwa amani.

SAKAFU NA VITI

Sakafu ya saruji haina lawama ikiwa safi. Itandikie mkeka wa ukindu. Kazi iliyomo humo ni kubwa: ukindu huvunwa na kuanikwa, huchemshwa pamoja na rangi, husukwa kuwa ukili mrefu, kisha kili hushonwa pamoja mpaka mkeka utimie. Mkeka wenye mistari ya rangi yako ya pili utaupa ukuta mwenzake. Ukilowa, uanike kabla ya kuukunja, la sivyo utaota kuvu.

Vitambaa vya kufuma vimekuwa fahari ya mama wengi, nasi hatuwezi kuvisema vibaya. Ila vipunguzwe. Vitatu vyeupe juu ya makochi ya kahawia vyapendeza, lakini ishirini hukifanya chumba kionekane kimefunikwa kwa ajili ya safari. Televisheni na redio zisifunikwe zikiwa zinawaka, maana zinahitaji hewa.

TAA

Rangi nzuri huuawa na taa mbaya. Taa yenye mwanga mweupe wa kuelekea buluu hufanya ukuta wa samli uonekane kama majivu, na watu wake kama wagonjwa. Unaponunua balbu, tazama namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ile yenye 2700 au 3000 pamoja na herufi K hutoa mwanga wa joto, kama wa machweo. Yenye 6500 hutoa mwanga wa baridi. Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, kwa umeme mdogo zaidi. Weka mwanga wa joto kwa ajili ya mazungumzo, na taa ya pili, yenye nguvu, juu ya meza ambapo watoto husomea. Mshumaa na kibatari vikae mbali na pazia.

MIMEA NA PICHA

Kopo la mafuta ya kula likitobolewa chini na kupakwa rangi yako ya tatu ni chungu kizuri cha mrehani au mshubiri. Kisahani cha chini kisiachwe na maji. Mbu waenezao homa ya dengu, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana hata katika maji machache kama hayo.

Kuhusu picha, mtu asidhani kwamba sanaa ni ya matajiri. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao. Kutokana na vifaa hivyo vya bei ndogo ulizaliwa mtindo unaojulikana duniani kote. Nunua picha moja ndogo kwa kijana wa mtaani kwenu, au utie kwenye fremu mchoro wa mtoto wako. Picha ya bibi na babu, ambayo imelala katika bahasha chini ya godoro, itoke itundikwe kimo cha macho. Mtoto anayekua akiwaona wazee wake ukutani hahitaji kuambiwa kwamba yuko kwao.

TUANZIE WAPI?

Usifanye yote kwa mshahara mmoja. Mwezi wa kwanza, toa visivyotumika, panga upya viti, ubadili balbu. Mwezi wa pili, paka ukuta, familia nzima ikishika brashi. Mwezi wa tatu, shona pazia. Mwezi wa nne, nunua mkeka. Haba na haba hujaza kibaba, na kila hatua itawapa nguvu ya hatua inayofuata.

Mtajuaje kwamba mmefaulu? Msingoje sifa za mgeni. Tazameni saa moja usiku: kama mtoto anaandika mezani, mama amekaa kitako akipumzika, na baba hana haraka ya kutoka, basi nyumba imepambika.

Jumapili ijayo tutahamia jikoni, tuone namna ya kupanga vyombo na akiba ya chakula katika nafasi ndogo.