MACHO HAYAPIMI TIJE

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa nyumbani,

Mutashangaa kuona muganga anaandika juu ya motere. Kazi yangu ni kufunga vidonda na kutoa dawa. Lakini vidole vingi vinavyoletwa kwangu vinatoka kwa motere, na mara nyingi nyuma ya kidonda kuko kazi ndogo ambayo mutu aliiruka.

Kijana mumoja, fundi wa garaji, aliletwa na kidole kilichovunjika. Jina lake na pahali pake pa kazi sitavitaja. Walikuwa wametengeneza motere ya mazuti upya. Tije, ni kusema zile fimbo za chuma zinazosukuma kulbitere ili supapi zifunguke, walizitoa kwa motere nyingine. Kwa macho zilifanana. Kumbe zilikuwa fupi. Walikaza vis za kulbitere mpaka mwisho, na bado motere ikapiga makelele. Kijana akafungua kifuniko, akaacha motere inazunguka, akaingiza mukono na kitambaa atafute makelele yanatoka wapi. Kulbitere ikakamata kitambaa pamoja na kidole.

Watu walisema: hakuwa na akili, mukono hauingii ndani ya motere inayozunguka. Ni kweli. Lakini mimi ninasema kidole kile kilianza kuvunjika siku ile tije ziliwekwa bila kupimwa.

Kuko wazee wa kazi wanaosema: «Hata tije za motere yenyewe hatupimi, zimefanya kazi miaka mingi.» Wazee wangu, kwa heshima yote: kwa lupitalo hatumupi mutoto gongo la mwaka jana. Gongo halikubadilika, mutoto ndiye amekua. Motere ni vile vile. Ukikwangua kulasi, inashuka, na tije inakuwa ndefu. Ukisaga supapi, mukia wake unapanda upande wa kulbitere. Ukiweka joini nene zaidi, tije inakuwa fupi. Kwa motere Cummins 6BT nafasi ya supapi ya kuingiza ni milimetre 0,25 tu, ya kutoa 0,50, motere ikiwa baridi. Kukwangua milimetre 0,3 kunatosha kumaliza ile ya kwanza.

Vis inarudisha nafasi, lakini haiponyeshi kila kosa. Na kuko motere zisizo na vis hata moja. Tije ndefu inazuia supapi kufunga: nguvu inapotea, supapi inaungua, pengine inagonga pistoni. Tije fupi inalegea na inaweza kuruka pahali pake. Fikirieni kamyo yenye mizigo ya shaba inazimika katika muteremuko, usiku, katika barabara ya Kasumbalesa.

Kupima si kazi ya siku mbili. Zungusha motere kwa mukono mpaka supapi zote mbili za silinda zifungwe. Weka tije ya kupimia, ile inayorefushwa kwa vis, mpaka upate nafasi inayoandikwa katika kitabu cha motere. Paka rangi kwenye ncha ya supapi, zungusha kwa mukono mara mbili kamili, kisha tazama alama. Ikiwa nyembamba na katikati, urefu ni muzuri. Ikienda pembeni, badilisha na uanze tena. Kiisha toa tije ile, pima urefu wake, andika. Zile za zamani zibiringishe juu ya kioo: iliyopinda itaruka-ruka, na haitarudi ndani ya motere.

Ninyi wakubwa wa atelye, tije ya kupimia ni chombo cha usalama sawa kofia na miwani. Iwekeni pahali ambapo fundi anaifikia. Na musimuombe fundi motere «leo jioni» kama muda wa kupima haumo. Saa moja ya kupima, mimi ninaijua bei yake: kijana yule alikaa wiki nyingi bila kushika ufunguo.

Wamama, bwana akirudi na mafuta mikononi, musimuulize tu juu ya mushahara. Mumuulize tena: «Leo ulipima?» Akijibu «niliangalia tu kwa macho», mumuhesabie vidole.