Mgeni Si Mteja

Jamani, nimechoka na rangi. Mwaka huu pekee nimesoma makala nne za safari za India zilizoandikwa kwa Kiswahili, na zote nne zinaanza na unga wa rangi wa Holi. Mwandishi anashuka uwanja wa ndege wa Delhi, joto linampiga usoni, pikipiki zinapiga honi, mara mtu asiyemjua anampaka unga wa waridi shavuni na kumkaribisha. Kinakuja kikombe cha chai yenye iliki. Anakuja bibi kizee asiye na jina, anatabasamu. Halafu hitimisho: Wahindi ni watu wakarimu sana. Asanteni, kwaherini.

Sina ugomvi na Holi, wala na bibi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoandika. Nasema "sisi" kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika makala ya aina hiyo, bibi na iliki na kila kitu, nikapongezwa sana. Nikiisoma leo natamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuandika uwongo, chai ilikuwa tamu kweli. Ila sikuuliza hata swali moja. Nani aliosha kile kikombe? Nani katika mtaa ule asingepewa kikombe hicho hicho?

Ukarimu tunaousifu kwenye makala hizi tumeuchukua kwenye tangazo. Serikali ya India ilizindua kampeni ya utalii ya Incredible India mwaka 2002. Baadaye ikaja kampeni nyingine iliyojengwa juu ya fundisho la kale kwamba mgeni ni mungu, na mwigizaji Aamir Khan akatokea kwenye matangazo yake akiwakanya wanaowabughudhi watalii. Fundisho lenyewe limo katika Taittiriya Upanishad, pale mwalimu anapomuaga mwanafunzi aliyemaliza masomo. Anamwagiza awahesabu kuwa miungu mama yake, baba yake, mwalimu wake, na mgeni wake.

Sasa tusome kama wasomaji. Kwanza, maneno yale anaambiwa mwenyeji. Hakuna mahali mgeni anapoambiwa, "Wewe ni mungu, kadai haki yako." Pili, neno la Kisanskriti analoitwa mgeni, atithi, hufafanuliwa kimapokeo kuwa ni mtu asiye na tarehe. Yaani aliyekuja bila miadi, hukumtarajia, hujui atakaa siku ngapi, na huenda chungu kimeshaoshwa. Mtalii ana tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, risiti ya hoteli na bima ya safari. Ni mteja. Hakuna aibu kuwa mteja, wote tunakuwa wateja tukisafiri. Aibu ni kulipia chumba halafu ukaandika kana kwamba ulifunguliwa mlango usiku wa manane.

Fasihi ya India yenyewe inamchukulia mgeni kwa uzito ambao hakuna tangazo linaloweza kuubeba. Katika Katha Upanishad, kijana Nachiketas anafika nyumbani kwa Yama, mungu wa mauti, na kumkosa mwenyeji. Anakaa siku tatu usiku na mchana bila kula. Yama anaporudi anashtuka. Mauti mwenyewe, bwana, anamwomba radhi mtoto, na kumfidia kwa kumtimizia maombi matatu, moja kwa kila usiku aliolala njaa. Ombi la tatu la kijana ni kuambiwa kinachotokea mtu akishakufa. Kitabu kizima cha falsafa kinazaliwa na deni la mwenyeji kwa mgeni ambaye hakuandaliwa chakula.

Au mchukueni Shakuntala wa Kalidasa. Baba mlezi amesafiri, na amemwachia binti kazi ya kupokea wageni. Mgeni wa kwanza ni mfalme Dushyanta, na huyo anapokelewa vizuri mno, mpaka wanaoana kwa siri. Mfalme anaondoka. Anakuja mgeni mwingine, mzee Durvasa, mtu wa dini mwenye hasira za karibu. Anabisha. Shakuntala yuko mbali kimawazo, anamuwaza mumewe, hasikii. Durvasa anamlaani: huyo unayemuwaza atakusahau. Tamthilia yote inageukia pale mlangoni. Kalidasa anatuuliza swali ambalo kipeperushi cha utalii hakiwezi kuliuliza: kwa nini mgeni mzuri, kijana na tajiri tunamsikia, na yule mzee mchafu wa njia hatumsikii?

Halafu kuna Onam, sikukuu kubwa ya Kerala, ambayo nayo siku hizi imekuwa ya kuuzwa na mashirika ya safari: maua yaliyopangwa sakafuni, chakula cha mboga juu ya jani la mgomba, mashindano ya ngalawa ndefu. Mara ngapi mmesoma asili yake? Mfalme Mahabali alitawala kwa haki, watu wakashiba. Akaja kijana mfupi, Vamana, akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Mwalimu wa mfalme akamwonya kwamba mgeni huyu si mtu wa kawaida. Mahabali akasema neno limetoka, haliwezi kurudi. Vamana, ambaye ni Vishnu, akakua, akaifunika dunia kwa hatua moja na mbingu kwa hatua ya pili. Hatua ya tatu Mahabali akatoa kichwa chake. Akasukumwa chini kuzimu, ila akaruhusiwa kurudi mara moja kwa mwaka kuwaona watu wake. Onam ni kumpokea yeye. Watu wa Kerala wanamwandalia mwenyeji aliyeangamizwa na mgeni wake! Hiyo ndiyo hadithi iliyo chini ya yale maua, na sisi tunaandika kwamba maua yalikuwa ya kupendeza.

Mtaniambia: basi wewe unasifu ya kale, unataka tuamini kwamba zamani milango yote ilikuwa wazi. Hapana. Hapo ndipo makala zetu zinapokosa ukweli zaidi.

Someni Waiting for a Visa ya B. R. Ambedkar, mtu aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba ya India. Ni maandishi mafupi, unayamaliza jioni moja, na kwangu mimi ni maandishi ya safari kuliko yote niliyoyasoma kuhusu nchi ile. Mwaka 1901, akiwa mtoto, anasafiri na ndugu zake kumfuata baba yao kazini. Wamevaa vizuri. Wanashuka stesheni ya Masur, na stesheni masta anawahurumia mpaka anapowauliza ni watu gani. Wanajibu: Wamahar, yaani tabaka la wasiogusika. Uso wa yule bwana unabadilika. Wenye magari ya ng'ombe wanakataa kuwabeba kwa kuogopa kunajisika. Mwishowe mmoja anakubali kwa nauli maradufu, tena kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe na yeye atembee kwa miguu. Chakula wanacho. Maji ya kunywa hakuna wa kuwapa. Miaka mingi baadaye, amesoma Marekani na Uingereza, anafika Baroda kufanya kazi serikalini na hapati pa kulala. Anajiandikisha kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina la Kiparsi, mpaka siku wanaume wenye fimbo wanakuja kumtoa.

Huyo naye alikuwa mgeni asiye na tarehe. Mbona hakuwa mungu?

Ndiyo maana nikisikia "ukarimu wa Wahindi" kana kwamba ni hali ya hewa, naudhika. Kule India kumekuwa na ugomvi wa karne nyingi juu ya nani ale na nani, na wapo watu walioupigania ukarimu dhidi ya jirani zao wenyewe. Nendeni Amritsar, kwenye Harmandir Sahib ya Wasikh, hawa ambao sisi tumezoea kuwaita Makalasinga. Jiko lake la bure, langar, linalisha makumi ya maelfu ya watu kila siku. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari, na aliye kushoto kwako anaweza kuwa daktari au ombaomba. Mkate unaupokea kwa mikono miwili. Vyombo vinaoshwa na watu wa kujitolea, na hata wewe ukitaka unakunja mikono ya shati unaingia. Watalii wanaiandika langar kama "chakula cha bure kitamu". Utaratibu huu ulianzishwa zama za Guru Nanak, na Guru Amar Das akaukazia kwa kutaka kila anayekuja kumwona aketi kwanza ale na wengine. Mapokeo ya Wasikh yanasema hata mfalme mkuu Akbar aliketi. Katika jamii ambayo kula pamoja kulikuwa kosa, kumkalisha kila mtu chini kwenye mstari mmoja kulikuwa uasi. Ukiiandika langar bila uasi huo, umeandika dengu tu.

Lipo na linalotuhusu sisi moja kwa moja. Gujarat, karibu na msitu wa Gir ambako watalii huenda kutazama simba, wanaishi Wasiddi. Wengi wao ni wazao wa watu waliotoka Afrika, wakiwemo wa pwani yetu, wengine wakipelekwa kama watumwa, wengine askari na mabaharia. Wana ngoma yao ya ibada, ya kumtukuza mtakatifu wao Bava Gor, na wanaiita goma. Ndiyo, ni neno lile lile. Siku hizi goma inachezwa pia jioni kwa wageni wa hoteli: nyuso zimechorwa, manyoya ya tausi kiunoni, nazi zinarushwa juu na kupasuliwa kwa kichwa. Wageni wanapiga makofi. Sasa fikiri Mswahili ameketi pale, amesikia ngoma inaitwa kwa jina la nyumbani kwao, na anachokwenda kuandika ni kwamba "burudani ilifana". Nani mgeni pale na nani mwenyeji? Kuna makala nzima ndani ya neno hilo moja, na bado naisubiri kwa Kiswahili.

Najua jibu litakalokuja: utalii unalisha watu, wewe unawaharibia. Hoja hiyo naiheshimu. Mcheza goma anayelipwa jioni ana watoto shuleni, na sitamwambia aache kwa sababu dhamiri yangu inawasha. Tamasha la Hornbill la Nagaland, lililoanza mwaka 2000, lilibuniwa kwa ajili ya utalii toka mwanzo, na halijawahi kuficha. Mteja anajua ni mteja. Hilo mimi sina neno nalo.

Lakini tazameni Pushkar, kule Rajasthan, kwenye gulio maarufu la ngamia mwezi wa Kartik. Picha zake zimejaa dunia nzima. Sensa ya mifugo ya 2019 ilikuta ngamia kama 250,000 India yote, kutoka kama 400,000 mwaka 2012. Wafugaji wamebanwa na malisho yanayopungua, na na sheria ya Rajasthan ya 2015 iliyokataza ngamia kuchinjwa na kudhibiti kutolewa kwao nje ya jimbo, ambayo wengi wao wanasema iliua soko. Ukienda pale ukaandika turubai, machweo na kilemba chekundu bila kumuuliza mwenye kilemba kama ameuza hata ngamia mmoja, hukumharibia biashara. Hukumwona tu. Wewe ndiye Shakuntala na yeye ndiye Durvasa, ila yeye hana uwezo wa kukulaani.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wenzangu, na kwa wahariri wanaozipokea makala hizi, ni dogo. Ukila kwa mtu, andika nani alipika, nani alikula mwisho, na nani hakualikwa. Kama ulilipa, sema ulilipa. Kama sikukuu ina hadithi, isome kabla ya kupanda ndege. Na neno "wakarimu" tulipumzishe mwaka mmoja tuone tutaandika nini.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba mgeni asiyeshika jembe hatawahi kujua nyumba ile inaishije. Kwa mwandishi jembe ni swali, na sisi tumekula siku mbili zetu zamani.