Tunampeleka Nani Polisi?

Kila mwaka tarehe 26 Juni inapokaribia, vikundi vyetu vya vijana hapa Bunia hujua la kufanya. Ni siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu 1987 kwa ajili ya mapambano dhidi ya dawa za kulevya. Tunachora mabango, tunatunga mchezo ambamo mvuta bangi huanguka na kufa kabla ya wimbo wa mwisho, tunapiga ngoma kutoka Mudzi-Pela hadi katikati ya mji, kisha tunarudi nyumbani. Kesho yake vidonge vinauzwa palepale vilipouzwa jana. Mwuzaji mwenyewe alituona tukipita, akatupigia makofi.

Hatuandiki haya ili kuyadharau mabango. Tunaandika kwa sababu ya kijana mmoja wa kikundi chetu, ambaye hatutamtaja jina. Amemaliza shule, ana diploma yake ya Serikali, ameongoza watoto wa Kiro kwa miaka mingi bila kulalamika. Katika mkutano wa mwezi uliopita alisimama akasema kwamba anataka kuwa mpelelezi wa polisi, na hasa mpelelezi wa mambo ya dawa za kulevya. Pakawa kimya, halafu kicheko. Ndipo mama mmoja tunayemheshimu sana akasema kwa upole: “Mwanangu, mtoto mwema haendi polisi.” Nasi sote, pamoja na sisi tunaoandika hapa, tukaitikia kwa vichwa.

Neno lile limetuchoma tangu siku ile. Tunataka kulipinga leo, tukijua wazi kwamba kulipinga ni kujipinga wenyewe.

Kwani ikiwa mtoto mwema haendi, anakwenda nani? Anakwenda yule aliyekosa njia nyingine yoyote. Anakwenda anayetamani bunduki, na anayehesabu tangu siku ya kwanza kile atakachopata barabarani. Watoto wenye dhamiri tunawazuia mlangoni, kisha tunashangaa kwamba ndani ya nyumba hakuna dhamiri. Tungefanya hivyo na hospitali, tungekuwa tumekwisha kufa wote.

Tunakubali kwamba woga wa yule mama una sababu. Mwananchi wa Ituri anaijua kofia ya polisi kabla hajaijua sheria. Akienda kushtaki, huombwa pesa ya karatasi, ndugu yake akifungwa, huombwa pesa ya kasho, akitoka, matabishi. Miaka miwili iliyopita mmoja wa vijana wetu alikamatwa jioni kando ya barabara pamoja na wengine sita, kwa jina la msako wa bangi. Hakuwa na kitu mfukoni ila rozari na simu. Familia ilichangishana, akatoka usiku. Wale watatu waliokuwa wakivuta kweli walitangulia kutoka, kwa sababu wao walijua bei. Hakuna aliyeandikiwa hati yoyote, na hakuna aliyeulizwa swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: bangi hii mmeinunua kwa nani? Kituo hicho hatukitaji, maana hatutaki msomaji afikiri kwamba ubaya huo una anwani moja. Lakini tuseme jambo kwa jina lake: usiku ule hapakuwa na upelelezi, palikuwa na mnada.

Upelelezi ni kitu kingine, na ni aibu kwetu kwamba vijana wengi wanaujua kutoka filamu za Kimarekani tu. Wanaona mtu mwenye miwani myeusi akivunja mlango. Ile idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, iliyoundwa 1973, haimwajiri asiye raia wa nchi hiyo, kwa hiyo kijana wa Nyakasanza asipoteze usingizi kwa ajili yake. Kwetu njia ni nyingine. Mtu huingia katika Polisi ya Taifa, au, akiwa na masomo ya sheria, hutafuta nafasi katika polisi ya mahakama iliyo chini ya parke, iliyoundwa 1978. Anayekabidhiwa madaraka ya OPJ hula kiapo kwanza. Amri nambari 78-289 ya tarehe 3 Julai 1978 inaeleza mipaka ya kazi yake. Na kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kuandika.

Ndiyo, kuandika. Tunalikazia hili kwa sababu hapo ndipo vita hushindwa au hupotezwa. Mpelelezi anapokamata kifurushi cha vidonge, ni lazima aandike mahali, siku, saa, idadi, na nani alikuwapo. Afunge kielelezo kwa lakiri. Amsikilize mtuhumiwa na kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema, wala si kama afande angependa yasemwe. Hiyo ndiyo PV. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 2006 kinamtaka mtu aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, tena kwa lugha anayoifahamu, na kinakataza kumshikilia zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. PV mbovu humwachilia mfanyabiashara mkubwa, kwa kuwa wakili wake anajua kusoma. PV isiyokuwapo kabisa humfunga mtoto wa maskini, kwa kuwa hana wakili. Hali ya dharura ilipoanza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai ziliondolewa katika mahakama za kiraia zikapelekwa kwa majaji wa kijeshi; hata huko, jaji hana anachokiona isipokuwa kile kilichoandikwa.

Kuna mlango mwingine mwembamba ambao kijana anayetaka kazi hii aujue mapema. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu OPJ kumaliza makosa fulani madogo kwa faini ya mapatano, ambayo huingia katika hazina ya Serikali. Ni ruhusa yenye busara. Lakini faini isiyo na risiti haifiki hazina, na hapo ndipo wengi huanza: mara ya kwanza kwa sababu mtoto wake ni mgonjwa, mara ya pili kwa sababu mkubwa wake anadai fungu, mara ya tatu bila sababu yoyote.

Tuangalie Mombasa, ambako tunaweza kujifunza bila kuota Marekani. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walifanya biashara ya heroini kwa miaka, watu wakijua. Walikamatwa Novemba 2014 baada ya watoa habari wa DEA kujifanya wanunuzi na kurekodi mazungumzo yao. Wakapelekwa New York Januari 2017. Wakakiri makosa 2018. Baktash akahukumiwa miaka 25 jela, Ibrahim miaka 23. Lililo muhimu kwetu ni hili: katika kukiri kwao ilibainika kwamba walikuwa wamewahonga majaji, waendesha mashtaka na polisi nchini Kenya ili wasipelekwe. Boma lililowakinga lilikuwa bahasha kuliko bunduki. Basi biashara hii inamwogopa nani? Haiogopi bango letu la 26 Juni. Inamwogopa karani mmoja, polisi mmoja, jaji mmoja anayekataa kuipokea bahasha.

Nchi jirani zimeelewa kwamba kazi hii inahitaji watu waliofundishwa kwa ajili yake. Tanzania iliunda mamlaka maalumu kwa sheria ya 2015, nayo Desemba 2023 ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Kilo hizo hazikupatikana kwa kuwapekua watoto mifukoni. Na Tanzania hiyohiyo tangu 2011 hutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili kwa waliozama katika heroini, maana mgonjwa na mfanyabiashara si mtu mmoja.

Sisi huwachanganya daima. Mwaka 2021 Kinshasa ilitikiswa na kitu kilichoitwa bombé, unga uliotokana na vipuri vilivyoibwa katika mabomba ya moshi ya magari. Picha zilizozunguka zilikuwa za vijana waliosimama barabarani wamegandamana kama miti. Tuliwacheka katika simu zetu. Lakini maswali ya mpelelezi hayaanzii kwa yule aliyeganda. Nani huiba kipuri? Nani hukisaga? Nani hununua kwa jumla? Hapa Bunia maswali ni ya namna hiyohiyo. Tramadol ni dawa halali ya maumivu makali; India, inakotengenezwa kwa wingi, iliiweka chini ya udhibiti 2018. Ikiwa inauzwa kwetu kidonge kimoja kimoja kama pipi, basi kuna katoni iliyofunguliwa mahali fulani, na kuna ankara, na kuna gari lililopita mojawapo ya barabara zetu: ya Mahagi, ya Aru, ya Kasenyi au ya Komanda. Anayeweza kuisoma ankara ana faida kuliko anayeweza kupiga kibao.

Tena Ituri ina jeraha lake. Bunia ya 2003 haijasahauliwa na yeyote aliyekuwapo. Polisi akimkamata mwuzaji, swali la kwanza la mtaa si “ameuza nini?” bali “ni wa kabila gani?” Mpelelezi anayewaona wauzaji wa upande mmoja tu anawasha moto kwa kalamu. Kwa hiyo tunahitaji watu waliokua wakila sahani moja na wasio wa ukoo wao. Na watu hao wanapatikana wapi, kama si katika Kiro, Xaveri na Skauti, ambako Mhema, Mlendu, Mualuri na Mbira wamelala hema moja na kuimba sauti nne? Tumewalea miaka kumi kwa kazi hii bila kujua, halafu tunawaambia wasiende.

Ukutani mwa ukumbi wetu pana picha ya Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa mtoto wa Goma, mwanasheria, mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio aliyewapenda watoto wa mitaani. Kazi yake mpakani ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa. Walimpa pesa ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite kwenda sokoni, akakataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Sisi tulishangilia na kupiga vigelegele. Tunamwomba atuombee, ila hatutaki mtoto wetu hata mmoja aketi kwenye kiti cha namna ile alichoketi yeye.

Tunajua mtatujibu nini: aliuawa. Ndiyo. Pengine hilo ndilo alilolifikiria yule mama, akaona vyema kulificha ndani ya neno la wema na ubaya. Hatuna jibu la kulifuta. Katika mkoa huu wenye silaha nyingi kuliko madaftari, anayefuata katoni ya vidonge huenda akafika kwenye mlango wa mtu mwenye askari. Kijana wetu ajue hivyo kabla hajatia sahihi. Na kama anachokitaka ni sare, bunduki au nafasi ya kulipiza kisasi, sisi tutakuwa wa kwanza kumwomba abaki nyumbani.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi naye ni sisi. Siku atakapomkamata mpwa wa mmoja wetu akiwa na mfuko, simu ya kwanza haitatoka kwa genge. Itatoka kwetu. Tutasema: “Mwanangu, tumekulea, huyu ni mtoto wa parokia, malizeni kimyakimya.” Tutaiita huruma, tutamtajia ubatizo wake na ada tulizomchangia. Akikataa, tutasema amekuwa na kiburi tangu apewe cheo. Ndipo Jumapili itakapofuata tutaombea nchi yetu ipate viongozi waadilifu. Ni mara ngapi tumeshapiga simu ya namna hiyo? Anayesoma ukurasa huu katika kikundi chake ajibu hapo alipo, mbele ya wenzake, kabla hawajasonga mbele.

Kijana wetu anatayarisha faili yake. Anahitaji cheti cha mwenendo mwema, nasi tumeandika barua ya kumshuhudia, pamoja na karatasi ya pili ambayo hakuiomba: ndani yake tunaahidi kutompigia simu kwa ajili ya ndugu, rafiki wala mwanaparokia yeyote atakayekuwa mikononi mwake. Zote mbili ziko mezani kwa katibu, na wanaotaka kutia sahihi waje Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Hadi tunapoandika haya, barua ya kwanza ina sahihi arobaini na moja, ya pili ina tisa. Yule mama amezitia sahihi zote mbili, na chini ya jina lake ameandika kwa mkono kwamba bado anaogopa.