Jahazi la babu halikuwa na orodha, kwa hivyo andika wewe

Hebu nikuulize, wewe wa Diani, Ukunda au Msambweni: babu yako alifika hapa mwaka gani, na alishukia wapi? Kama jibu lako ni "alikuja zamani", uko na wenzako wengi. Lakini ujue hiyo "zamani" imewanyima watu kitambulisho hapa kwetu Kwale miaka na miaka.

Mzungu aliyepanda meli Uingereza kuja Mombasa mwaka wa 1930, mjukuu wake leo anaweza kumtafuta kwa simu na akampata. Orodha za abiria wa meli zilizotoka Uingereza kwenda nchi za mbali, kuanzia 1890 hadi 1960, zimehifadhiwa Kew, London, na zimewekwa kwenye intaneti. Jina, umri, kazi na bandari aliyokuwa anaenda, yote yako pale.

Sasa mfikirie mvuvi aliyetoka Pemba na upepo wa kusi akashukia Shimoni au Vanga. Bahari yenyewe ni fupi na nahodha anamjua kila aliyepanda. Nani angeshika kalamu? Kwake yeye ilikuwa ni kuvuka tu kwenda kwa jamaa. Miaka ikapita, mpaka ukawa mpaka kwelikweli, na watoto wake wakaanza kuulizwa karatasi ambazo hazikuwahi kuandikwa.

Wamakonde nao, walioletwa na kazi za miwa na mkonge kutoka Msumbiji, yaliwakuta hayo hayo. Walizeeka hapa bila kitambulisho. Na bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti ya benki, hupigi kura. Oktoba 2016 wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walisubiri zaidi, hadi 2023.

Utaniambia, "Si washatambuliwa, tatizo liko wapi?" Tatizo ni kwamba kabila kutambuliwa ni jambo moja, na wewe kuonyesha kwamba ni wa ukoo huo ni jambo jingine. Sheria ya uraia ya 2011 ilipofungulia mlango watu wasio na nchi, iliwataka wawe wameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Utaonyeshaje hiyo tarehe, kama nyumbani hakuna hata mmoja anayekumbuka mwaka?

Ndio maana nasema orodha hiyo tuiandike wenyewe, na tuianze sasa, nyanya angali anaongea vizuri. Chuo niliacha, lakini hii haihitaji digrii. Washa simu, rekodi, uliza: Alikuja na chombo gani? Nahodha alikuwa nani? Ilikuwa kusi au kaskazi? Alishukia Vanga, Shimoni au Gazi? Nani alimpokea? Alikuja na nani, na wale wengine walienda wapi?

Akisema mwaka haujui, usimkazanie. Mpe alama. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964? Mtoto wake wa kwanza alikuwa na umri gani kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa 1988? Kisha kamuulize mzee mwingine peke yake, ulinganishe. Wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili na jina la kila aliyesema. Usiwachagulie.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya karatasi. Mtu ambaye kijiji kizima kinamjua, babu yake kazikwa hapo hapo na wazee wako tayari kumshuhudia, asirudishwe nyumbani eti hana hati ya chombo ambacho hakikuwa na hati. Ushahidi wa mdomo upokewe, uandikwe na uhifadhiwe.

Kwetu Pwani jamaa wote hukutana kwenye harusi na hitima. Ikija ya kwenu, kabla watu hawajatawanyika, keti na wazee wawili na daftari. Majina utakayoandika hapo huenda ndiyo mdogo wako atakayoulizwa mwaka ujao akienda kuomba kitambulisho.